Ndoa ya Mbele ya Kamera

Watu wa Iftin, mtaa ule wa Garissa, tunawajua. Mtoto wao akipanda, huyo ni wa mtaa mzima. Akianguka, muulizeni mama yake. Na Sakariye alikuwa amepanda, wallahi. Mtoto wa muuza maziwa, aliyesoma dugsi, chuo cha Kurani, alfajiri na shule ya serikali mchana, leo jina lake linapita kwenye televisheni kwa herufi nyeupe kubwa kubwa: Mwandishi na Mtayarishaji. Pale Garissa, katika chumba cha video cha Mustaf, kanda za michezo yake zilikuwa zikifika kwa basi kutoka Nairobi, na vijana walipiga makofi jina likitokea, kabla hata mwigizaji hajafungua kinywa.

Lakini msidhani jina lile lilikuja kwa heshima. Alipoingia kituo cha televisheni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kazi yake ilikuwa kupiga chapa maandishi ya wenzake. Siku moja kipindi kikapwaya, bosi akamgeukia: "Wewe, andika kitu kifupi cha kuchekesha." Akaandika juu ya mlinzi Msomali wa getini, mkali kama pilipili, anayemfokea hata mwenye nyumba. Kenya nzima ikacheka. Mlinzi yule akadumu hewani miaka na miaka. Ndiye aliyempangishia Sakariye na mkewe Hodo nyumba ya vyumba viwili Eastleigh, ndiye aliyewalisha watoto. Na kila Sakariye alipopita mlango wa benki akamkuta mlinzi Msomali wa kweli, mzee wa watu na kofia yake, alitazama viatu vyake mwenyewe mpaka apite. "Nitaandika kitu cha maana," alikuwa akijiambia. "Nipewe nafasi tu."

Nafasi ikaja mwaka wa tisini na sita. Mchezo wake mwenyewe, aupige picha kwao Garissa, juu ya familia ya wafugaji wenye akili zao na adabu zao. Hakuna mlinzi, hakuna kufoka. Aliuita Maji ya Jirani. Akashuka na kamera, mataa, na vijana wa Nairobi waliolalamikia joto tangu daraja la Tana.

Kasoro ilikuwa moja: msichana. Garissa ya wakati ule, nani atamtoa binti yake asimame mbele ya mataa na wanaume wakimkodolea macho? Sakariye alizunguka nyumba hadi nyumba, akanywa chai ya maziwa ya ngamia mpaka tumbo likamuuma, na kila mahali jibu lilikuwa Inshallah ile ya kumfukuza mgeni kwa upole. Mwisho akaenda kwa mzee Yarow, dalali wa soko la mifugo, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake. Binti yake Sabirin alifundisha shule ya msingi pale pale Iftin, na alipokuwa mwanafunzi aliigiza mpaka walimu wakalia.

Yarow alifikiri, akakuna ndevu zake zilizotiwa hina. "Adeer," akasema, yaani ami, maana kwao mzee humwita kijana kwa jina lile lile kijana analomwita yeye, "nitakupa. Lakini akisimama mbele ya hiyo mashine, nami nasimama. Akikaa, nakaa. Na ukumbuke ana mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Kulow, kijana wa Lafey, mji wa mbali kule mpakani, mfanyabiashara wa mbuzi. Posa ilikuwa imeshapokelewa, harusi ilisubiri mvua tu.

"Basi, adeer, wewe uwe baba yake mchezoni," Sakariye akasema, na akajiona mjanja sana. Yarow alicheka mpaka akakohoa.

Ajabu ya Mungu, mzee alifaa. Alikuwa na uso ambao kamera iliupenda. Ila jina la binti wa mchezoni halikumkaa kichwani. Kila akianza, anatoa la bintiye. Alipokemewa mara nyingi akachoka: "Mimi nilimwadhinia sikioni Sabirin. Huyo mwingine simjui." Vijana wa Nairobi wakacheka, Sakariye naye akaona isiwe tabu. Akasema, acha, mchezoni naye awe Sabirin.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuchacha, na hakuna aliyenusa.

Siku ya kupiga picha ya nikaha, mwigizaji wa kuwa bwana harusi hakutokea. Alipiga simu kutoka Nairobi: amesikia majambazi wamesimamisha basi njiani, na yeye hana mpango wa kufa kwa ajili ya televisheni. Watu wameshakaa mkekani, jua linaondoka. Mustaf, yule yule wa chumba cha video, aliyekuwa akiigiza kaka wa bibi harusi, akainuka. "Nipe mimi. Maneno nayajua yote."

Na alikuwa anayajua. Sakariye alimtazama, akatazama jua, akatazama mlangoni ambako Sabirin alikuwa amekaa na mtandio wake wa manjano, ameziba mdomo kwa kicheko. "Hapana," akasema. "Una sura ya kitoto. Nitafanya mimi."

Akavaa kanzu. Na kwa kuwa mzee Yarow alikuwa ameshachanganyikiwa na majina ya kutosha, bwana harusi naye akabaki kuwa Sakariye. Mustaf na binamu yake wakakaa kama mashahidi. Mataa yakawashwa, kijana akagonga kile kibao cha kuanzia, Sabirin akacheka tena, wakaanza upya.

Yarow akamshika Sakariye mkono. "Nimekuoza binti yangu Sabirin," akasema, "kwa mahari ya msahafu mmoja." Na machozi yakamtoka, machozi ambayo hayakuwa yameandikwa popote.

Kabla ya kujibu, Sakariye alikumbuka. Nawaambieni wazi, msije mkamtetea: alikumbuka. Ilimjia sauti ya Maalim Salat wa dugsi, na bakora yake, akiwakaririsha hadithi ya Mtume: mambo matatu, ukiyasema kwa dhati ni dhati, na ukiyasema kwa mzaha ni dhati, ndoa, talaka, na kumrejea mke. Ilimjia nzima nzima. Akainua macho mlangoni. Sabirin alikuwa ameacha kucheka, ameinamisha uso kama mtu anayeolewa kweli, na kitu kikasogea kifuani mwa mwanamume yule ambacho hakikuwa cha mchezo.

"Nimekubali kumwoa," akasema, "kwa mahari hayo."

Kisha kijana wa kamera akapaza sauti kusema kata, watu wakapiga makofi, Sabirin akaangua kicheko mpaka akajiegemeza kwenye mlango, na Yarow akajipangusa uso akiuliza kama amelia vizuri. Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutumbuka usaha.

Usaha wenyewe haukukawia. Jioni ile ile Yarow alikuwa akimsimulia mkewe Rahmo jinsi alivyowashinda waigizaji wa Nairobi. Rahmo alikuwa akimmiminia chai. Akasimamisha chupa hewani.

"Nani alitoa?"

"Mimi."

"Kwa jina la nani?"

"La Sabirin. Lile jingine halinikai."

"Na mashahidi?"

"Mustaf na binamu yake."

Rahmo akaiweka chupa chini. "Yarow," akasema, "mtoto wangu ana waume wangapi?"

Kesho yake Maalim Salat akaitwa. Alikuwa amezeeka, sikio moja halisikii, na hasira zake za dugsi bado anazo. Akakalishwa sebuleni, akapewa chai, akaongeza sukari, akaongeza tena. Sabirin na mama yake walikuwa nyuma ya pazia. Sakariye alikaa mkekani miguu ameikunja kama alivyokuwa akikaa utotoni na ubao wake wa Kurani.

"Wanazuoni wamesema," Maalim akaanza, "mtu akisimulia maneno ya mtu mwingine, kama anayesoma kitabu, hakuna ndoa. Lakini akiyasema kwa nafsi yake, hata kwa mzaha, ndoa imefungwa. Yarow, wewe ulisimulia au ulisema?"

Yarow akainamisha kichwa. "Maalim, mimi sijui kuigiza. Nilisema kama nilivyosema."

"Basi upande wako umekwisha. Umebaki wewe." Bakora ikamwelekea Sakariye. "Ulipokubali, ulikuwa unasimulia maneno ya mtu wa mchezo wako, au ulisema kwa nafsi yako? Na hadithi ya mzaha niliyokufundisha mimi, uliikumbuka au uliisahau?"

Pazia halikutikisika. Sakariye aliona kila kitu mbele yake: Yarow aliyempa mwanawe kwa uaminifu, Kulow wa watu huko Lafey, Hodo Nairobi, na yeye mwenyewe, mume wa mtu na baba wa watoto, akisema mbele ya mzee huyu kwamba alimtamani binti wa rafiki ya baba yake, akampita Mustaf ili akae mahali pale. Uso umeumbwa na haya. Akaokoa uso wake.

"Nilikuwa nasimulia, Maalim. Yalikuwa maneno ya mtu wa karatasi. Na hadithi hiyo wala haikunijia."

"Alhamdulillahi!" Rahmo akasema nyuma ya pazia. Maalim akasema hakuna ndoa, akamalizia chai yake. Yarow alimkumbatia Sakariye mpaka kofia ikamdondoka, na siku ya kuondoka akamletea kopo la nyirinyiri ampelekee Hodo. Sakariye aliipakata nyama ile njia nzima hadi Nairobi. Hakuweza kuiweka chini, wala hakuweza kuiangalia.

Kule kituoni mhariri wa picha alikuwa mwanamke mmoja wa Kitui aitwaye Mumbua, fundi asiyejua kupamba maneno. Walipofika kwenye nikaha, akairudisha. Akaitazama tena. "Mzee," akasema, "wewe si ndiye tulikukataza kuigiza? Kila ukitokea kwenye picha unakuwa kama mti. Hapa umefanyaje?"

"Ni mwanga," Sakariye akasema.

"Mwanga gani! Hebu tazama macho yako. Hii mtu haigizi."

Akatazama. Hakuwa na pa kukwepa. Uso wake ulijaza kioo chote. Kila mtu Kenya angeuona kama uso wa mwigizaji mzuri, ila yeye mwenyewe alikuwa anajua anaangalia nini. Alitoka nje akasema anakwenda kunywa maji. Nyumbani Hodo aliandaa nyirinyiri akiwasifu watu wa Garissa kwa ukarimu, naye akasema tumbo halimkai sawa.

Mngedhani angerudi mbio Garissa. Hakurudi. Alikaa wiki baada ya wiki, akijiambia kwamba Maalim ameshahukumu, na hukumu ni ya Maalim. Uongo huo! Hukumu ilijengwa juu ya ulimi wake, na ulimi hauna mfupa. Kisha Mustaf akapiga simu ofisini, furaha tele: mvua imenyesha, Kulow ameshuka kutoka Lafey, harusi karibu, na Yarow anasema bila Sakariye hailiwi pilau. Sakariye akaweka simu chini. Kama alisema kwa nafsi yake, na alisema, basi Sabirin ni mkewe. Na Kulow akimwingilia, wawili wale wasio na kosa wataishi katika haramu, na watoto wao, na mwenye kujua ni yeye peke yake, amekaa Nairobi anakunywa chai.

Hapo ndipo aibu ilipomshika kweli kweli. Na aibu, mkitaka kujua, si mshauri mzuri. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuingia stoo ya kanda. Akachukua kanda zote za nikaha, zile ghafi na ile iliyohaririwa, akazipitisha kwenye mashine ya kufutia, moja moja, mpaka ukabaki mvumo mtupu. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Alijua hatapiga nyingine kama ile. Bosi alipogundua alifoka kuliko mlinzi wa getini, akamnyang'anya mchezo wote, akampa mtu mwingine aumalizie. Sakariye hakujitetea. Alijisikia mwepesi kidogo. Nimelipa, alijiambia. Hakuna atakayeiona aibu ile ya binti wa watu. Akapanda basi.

Sebule ilikuwa ile ile, pazia lile lile. Maalim Salat alifika akiwa amenuna kabla hajaambiwa. Sakariye hakugusa chai. Aliweka msahafu mpya, mahari aliyoikubali, mbele ya Yarow, akasema akiwa ameinama:

"Adeer, nilisema kwa nafsi yangu. Mustaf alitaka nafasi ile, nikamnyima kwa sababu niliitaka mimi. Na ile hadithi, Maalim, niliikumbuka kabla sijakubali."

Angetukanwa angeshukuru. Yarow alimtazama tu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeuza ng'ombe wa watu sokoni halafu akaambiwa kumbe alikuwa wake. "Kumbe siku ile nilikuwa namwoza," akasema polepole. "Nimemwoza mwanangu, sikumwombea hata dua."

"Na mimi," Maalim akanguruma, "ulinifanya nitoe hukumu juu ya uongo, na umri huu! Toa talaka, mwana wee."

Sakariye akaitoa, moja. Maalim akaeleza kwamba kwa kuwa hawakuingiliana, binti hana eda. Anaweza kuolewa hata leo. Kisha akaongeza, "Akitakiwa."

Ndipo Yarow akamwambia Sakariye jambo ambalo Mustaf hakulisema kwenye simu, kwa kuwa wakati ule lilikuwa halijazuka. Maneno ya ile nikaha ya kamera yalikuwa yamefika Lafey. Mji una midomo. Ami zake Kulow walikuwa wameshawasili Garissa. "Ni watu wazuri, adeer. Hawakuja kugombana. Wamesema: binti hatumshuku, ila watu watasema ameshaolewa na kuachwa na mtu wa televisheni. Tuonyesheni huo mchezo kwa macho yetu. Tuone mataa, tuone kile kibao, tumwone mwenyewe akicheka. Tukishaona alikuwa anacheza, wewe na huyo mtu wenu mtajua ya kwenu na Mungu, sisi tunamchukua binti yetu. Mustaf ameshasafisha mashine yake. Nikamwambia, Sakariye anakuja, atakuwa nayo." Akanyosha mkono. "Iko wapi kanda?"

Na mjinga yule, Mungu amsamehe, kwa dakika moja aliona fahari. "Nimeifuta, adeer. Zote. Nimenyang'anywa na mchezo kwa ajili yake. Kwa heshima ya Sabirin, haitaonekana na mtu milele."

Alingoja dua. Aliyesema alikuwa Sabirin, nyuma ya pazia, na hakupandisha sauti.

"Abboowe," akamwita, kama dada anavyomwita kaka mkubwa, "mle ndani ya kanda nilikuwa nacheka. Kabla hujasema nilicheka, na baada ya kusema nilicheka. Sina kingine cha kuwaonyesha watu. Umefuta mchezo, ukanibakishia ndoa."

Rahmo alianza kulia, kilio cha chini chini, na Yarow akainuka akaenda kusimama uani.

Asubuhi ami wa Lafey walikuja, wazee wawili wenye fimbo na miwani. Sakariye alikuwa amelala pale pale kwa amri ya Yarow, ili aseme kwa mdomo wake. Akawaambia kanda haipo. Akawaambia atakula kiapo kwa msahafu kwamba kwa upande wa binti ulikuwa mchezo mtupu, alicheka, mataa yalikuwapo, watu walipiga makofi. Alieleza kila kitu, na alieleza vizuri, kwa kuwa kueleza ndiyo kazi iliyompa chakula maisha yake yote.

Mzee mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Maalim Salat.

"Huyu ndiye aliyekwambia ulikuwa mchezo?"

"Ndiye."

"Na ndiye aliyekwambia haukuwa mchezo?"

"Ndiye huyo huyo."

"Basi, Maalim, kiapo chake tukiweke wapi?"

Wakanywa chai yao kwa adabu, wakamshukuru Rahmo, wakamwombea Yarow kheri. Gari lao lilikuwa nje na injini inanguruma. Kulow alikuwa ndani yake, kiti cha mbele, ameangalia upande wa barabara, na muda wote ule hakushuka.